Fimbo ya kwanza ya kuvulia sato

Ndugu, kama ni sato na kambare wa kando ya Ziwa Victoria unaowataka, chukua fimbo ya mita 2 hivi, ugumu wa kati, na rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia) inayoning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Zile za kukaa juu ya fimbo ziache kwanza, mshipi utakuvurugikia. Pesa nyingi iweke kwenye rili. Dukani zungusha mkono wake polepole, uzunguke laini bila kukwaruza. Kisha kaza nusu breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, uvute mshipi: utoke taratibu bila kukwamakwama, maana kambare akikimbia ni breki hiyo inayookoa mshipi usikatike. Mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.30 unatosha. Sangara mkubwa anataka vifaa vizito zaidi.