Barua za Wasomaji: Mwanangu Hashiki Roboti

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mzazi kutoka Mombasa, na sasa ninaishi Minneapolis, Marekani. Mwanangu alijiunga na timu ya roboti ya shule yake, na tangu Januari amekuwa akirudi nyumbani usiku. Mwezi wa Machi nilikwenda kumtazama kwenye mashindano. Wenzake walikuwa wameizunguka roboti, bisibisi mikononi, lakini yeye alikaa siku nzima kwenye jukwaa la watazamaji na kishikwambi, akiandika habari za roboti za timu nyingine. Je, ametengwa? Na imekuwaje timu iliyotoka kuwaazima betri ikaja kuwafunga baadaye siku hiyo hiyo?
Mama mwenye mashaka, Minneapolis

JIBU: Mama, pole kwa kukesha. Kwa maelezo yako, haya ni mashindano ya sekondari ya FIRST, taasisi iliyoasisiwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na sioni dalili kwamba kijana ametengwa. Amepewa kazi ambayo timu makini haimpi mtu asiye na subira.

Kwanza niseme kuhusu usiku. Mchezo mpya hutangazwa kila Januari kwa timu zote siku moja, na hakuna anayejua mapema roboti itatakiwa kufanya nini. Hadi mwaka 2019 ujenzi ulikuwa na ukomo: baada ya wiki sita hivi roboti ilitiwa ndani ya mfuko mkubwa na kufungwa kwa lakiri. Tangu msimu wa 2020 sharti hilo liliondolewa, na kazi ya karakana sasa huweza kuendelea hadi mkesha wa mashindano. Wapo waliotarajia kwamba mabadiliko hayo yangeleta nafuu. Kwa wazazi wanaosubiri mlangoni, sina hakika kama imefika.

Sasa tuje jukwaani. Katika raundi za awali timu hupangwa tatu tatu katika miungano, mwekundu dhidi ya bluu, na ratiba huchanganywa kiasi kwamba mshirika wako wa asubuhi huweza kuwa mpinzani wako mchana. Raundi hizo zikiisha, timu nane za juu huwa manahodha, na kila nahodha huchagua washirika wa kuingia nao katika hatua ya mtoano. Mzunguko wa kwanza huanzia kwa nahodha wa kwanza hadi wa nane, ilhali wa pili hurudi nyuma, kuanzia wa nane hadi wa kwanza. Maana yake ni kwamba aliyeongoza msimamo huchagua mshirika wake wa mwisho wakati roboti 23 zimekwisha kupata nafasi. Roboti inayong'ara kila mtu ameiona. Kinachohitajika saa hiyo ni mtu anayejua kwamba roboti fulani ya katikati ya msimamo, isiyoshangiliwa na yeyote, haijazimika uwanjani hata mara moja, na kwamba dereva wake anajua kumzuia mpinzani bila kupata adhabu. Habari hiyo haimo kwenye ubao wa matokeo, kwa kuwa alama za pale ni za muungano mzima. Imo katika kishikwambi cha mwanao.

Muulize kwa upole akuonyeshe alichoandika. Ukikuta maneno kama "mkono ulikwama, ulijinasua" au "ilisimama ghafla, huenda waya wa betri umelegea," ujue amejifunza kusoma mashine kutoka mbali. Hata hivyo, kama msimu mzima umepita bila yeye kuingia karakana kabisa, una haki ya kumuuliza mkufunzi wa timu kama zamu hubadilishwa. Mimi ningeuliza.

Kuhusu betri, waliowaazima hawakuwa na hila. Roboti hizi zina uzito unaopita kilo 50 na hutumia betri ya volti 12 ambayo hubadilishwa karibu kila mechi, hivyo timu changa huishiwa upesi. Profesa Woodie Flowers wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, mmoja wa waasisi wa mashindano haya, alisisitiza kwamba timu zishindane kwa nguvu zote huku zikiheshimiana na kusaidiana. Timu nyingi hupendelea kumshinda mpinzani ambaye roboti yake inafanya kazi.

SWALI: Je, wanafunzi wa Tanzania wanaweza kushiriki mashindano ya namna hiyo?
Mwalimu wa fizikia, Morogoro

JIBU: Mwalimu, yapo yale ya FIRST Global, yanayofanyika tangu 2017, ambapo kila nchi huwakilishwa na timu moja ya vijana wa miaka 14 hadi 18. Kwa kuwa nafasi ni moja kwa taifa, anza kwa kumtafuta mratibu wa timu ya nchi badala ya kununua vifaa. Huko nako timu huungana na za nchi nyingine uwanjani, kwa hiyo klabu yako ikianza mazoezi, watenge wanafunzi wawili wakae pembeni na daftari, kisha wapokezane na wenzao.