Machale au kochi? Kwa kaka mwenye dogo kwotabeki

Kaka nimesoma swali lako jana usiku na leo asubuhi nimelirudia kabla sijaingia kazini, limenigusa kweli, hiyo njia nimeipita kwa miguu yangu mwenyewe. Kwa wale ambao hawakuliona: dogo ni mwanawe, ana miaka 16, ni kwotabeki wa haiskuli hapa Texas, yaani yule mtupa pasi kwenye futiboli ya Kimarekani, ameanza mechi nne na ameshatupa intasepsheni tisa, zile pasi zinazodakwa na wapinzani. Kochi kila siku wimbo ni mmoja, miguu, miguu, usitoke kwenye poketi, pale wenzako wanapokukinga, na dogo akirudi nyumbani analalamika kwamba anajiona kama roboti. Sasa kaka anauliza amwambie aachane na kelele za kochi afuate machale yake kama alivyokuwa anacheza mtaani, au atulie asikilize.

Asimwache kochi. Ila hilo neno machale ndo nataka tuliangalie vizuri, maana mimi mechi tatu nzima nilidhani nafuata machale kumbe nilikuwa nafuata woga.

Nimekuja Houston kutoka Tanga nikiwa na miaka 12. Kule nilikuwa golikipa wa chandimu, na kitu pekee nilichokuwa nacho kuliko wenzangu ni mkono, nikidaka narusha mpaka unavuka katikati ya uwanja. Huku kochi mmoja akaniona kipindi cha michezo nautupa huu mpira wao wa umbo la yai, akaniita, na mwaka wa pili wa haiskuli nikawa kwotabeki wa timu ya wadogo, zile mechi za Alhamisi, Ijumaa ni ya wakubwa kama mnavyojua. Mechi mbili za mwanzo nilikimbia kimbia nikaonekana moto. Ya tatu wapinzani wakawa wameshaniangalia kwenye video na mambo yakaharibika, nilitupa intasepsheni tatu, nikaangushwa mara nne, nikalia kwenye basi.

Ba'mdogo aliyenilea hakukosa mechi hata moja. Alikuwa akitoka kazini anakuja moja kwa moja na yunifomu yake, anakaa ile safu ya chini kabisa, na kwa vile ni yeye tu alikuwa anaongea Kiswahili pale jukwaani sauti yake nilikuwa naisikia kuliko zote, anapiga kelele Toka! Toka hapo! Nami natoka. Nyumbani ananiambia mwanangu wewe Mungu kakupa mkono na mbio, hawa wanakufunga kamba. Alisema kwa mapenzi na sijawahi kumlaumu, ila nilikuwa naingia uwanjani na makochi wawili kichwani na kila mmoja anavuta kwake.

Jumamosi baada ya ile mechi kochi akaniita peke yangu chumba cha video. Hakufoka. Alikuwa anasimamisha picha pale pale miguu yangu inapoanza kukimbia, halafu ananiuliza swali moja tu, hapa ni nani anakufukuza? Pasi ya kwanza, hamna mtu. Ya pili hamna mtu. Tulizihesabu wote wawili, mara 22 nilirudi nyuma kutafuta pasi na mara 14 nikatoka kwenye poketi, na katika hizo 14 mtu kweli alikuwa ananikaribia mara tano. Mara tisa nilikimbia kitu ambacho hakipo. Mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba kila mara nilihisi hatari, na kuhisi nilihisi kweli, mwili ulikuwa umeshakumbuka zile ngumi za ubavuni za mechi zilizopita basi unaondoka wenyewe kabla macho hayajaona chochote.

Sam Darnold, kwotabeki wa NFL, ligi kuu ya huku, yalimkuta hayo hayo. Oktoba 2019 akiwa na timu ya Jets walifungwa na Patriots 33-0, akatupa intasepsheni nne, na maikrofoni ya televisheni ikamnasa akisema pale benchi kwamba anaona mizimu. Watu walimcheka sana. Mimi sikucheka, nilijua anaongelea nini. Na huyo huyo mwaka 2024 akiwa Minnesota chini ya kochi Kevin O'Connell alishinda mechi 14 za msimu na kutupa pasi 35 za tachidauni, yaani za kufunga, mkono ni ule ule, mtu ni yule yule.

Sasa kwa nini makochi wanang'ang'ania miguu, hapa wazazi wengi tunapotea kwa sababu tunaangalia mpira unakoenda hatuangalii miguu. Miguu ya kwotabeki ndo saa yake. Unapokea mpira ukiwa kama yadi tano nyuma ya senta anayekurushia, unarudi hatua tatu, mguu wa nyuma ukikanyaga ule wa mwisho resiva wako wa kwanza, mdakaji wa pasi, anatakiwa awe anageuka, kama kabanwa unapiga kahatua kadogo mbele macho yanaenda kwa wa pili, kahatua kengine wa tatu, kama wote wamebanwa unakimbia au unautupa nje. Yaani miguu inakwambia muda umefika wapi bila wewe kuhesabu. Ukianza kucheza cheza na miguu saa imevunjika, unaachia mpira umechelewa nusu sekunde na hiyo nusu sekunde ndo sefti, mlinzi wa nyuma kabisa wa wapinzani, anaitumia kufika. Dogo ataona kama mkono umekosea na mkono hauna kosa lolote.

Na kuna hili la kutoka pembeni ambalo nilielewa baada ya kuoneshwa kwenye picha. Wale jamaa wa laini wa pembeni, wenzako wanaokukinga, difensi wa wapinzani akija kwa kasi hawawezi kumzuia asimame, wanamsindikiza nje apite nyuma yako. Ukipanda hatua mbili mbele ameshapita, hana tena kazi na wewe. Ukikimbia kurudi nyuma au kutoka pembeni unamfuata mwenyewe alipo, mtu ambaye mwenzako alikuwa ameshammaliza. Kuangushwa kwangu mara nne ile Alhamisi, mara tatu ilikuwa hivyo, na mimi nikaenda nyumbani nikalaumu laini. Niliwaomba radhi Jumatatu.

Kwa hiyo machale hayapo? Yapo sana, na bila hayo huwezi kucheza hiyo nafasi. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshahamia timu ya Ijumaa, robo ya tatu, dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne, na yadi nane zimebaki, naangalia difensi kabla mpira haujatolewa na kitu kikaniambia upande wa kushoto. Sikuhesabu wala sikufikiri, nimerudi hatua zangu tatu nikauachia kushoto na resiva alikuwa peke yake kabisa. Kochi akaniuliza ulijuaje, nikamwambia sijui, machale tu. Jumamosi kwenye video tukaona yule sefti mara mbili robo ya kwanza alisimama vile vile, visigino vimegeukia kulia, na mara zote mbili akaondoka kwenda kulia. Macho yangu yalikuwa yamelibeba hilo na kichwa hakina habari. Hayo ndo machale ya kwotabeki kaka, yanatokana na kuona kitu kile kile mara mia mpaka huhitaji kukifikiria, na hizo mara mia dogo wa miaka 16 mwenye mechi nne hajazipata bado, hata awe na kipaji gani.

Kuhusu hilo neno roboti najua limetoka wapi, Justin Fields, kwotabeki mwingine wa NFL, alilisema Septemba 2023 akiwa Chicago, kwamba uwanjani anacheza kama roboti, anafikiri mno, na alipoulizwa sababu akataja ukochi, halafu siku hiyo hiyo akarudi kufafanua kwamba halaumu makochi. Mimi nilimwonea huruma, mwaka wa nyuma yake alikimbia yadi 1,143 kwa miguu yake, halafu unamjaza mambo kichwani mpaka anasahau hiyo miguu. Jumapili iliyofuata alitaka kucheza kwa uhuru na Kansas City wakawapiga 41-10. Wiki moja mbele dhidi ya Denver akatupa yadi 335 na tachidauni nne, wakapoteza bado 31-28, Alhamisi yake wakamfunga Washington 40-20 na yeye akatupa nne nyingine. Ukiangalia hizo mechi mbili nzuri utaona hakuna aliyemwachia acheze anavyotaka, mpira unatoka mkononi mapema, miguu imetulia, anajua anampa nani. Machi 2024 Chicago wakampeleka Pittsburgh. Naamini pale makosa yalikuwa pande zote mbili na inaniuma kwa sababu kijana alisema ukweli wake na ukamgeuka.

Mfano ninaopenda kuwapa madogo ni Josh Allen, naye kwotabeki wa NFL. Mkono wa ajabu, mbio, mwili, machale tele. Mwaka wa kwanza Buffalo, 2018, pasi zake zilifika asilimia 52.8, uliofuata 58.8, na 2020 zikafika 69.2. Katikati hapo kila mapumziko alikuwa anakwenda kutengeneza miguu na namna ya kuuachia mpira kama mtoto anayeanza upya. Na hakuacha kukimbia, hakuacha kuruka juu ya watu. Hakuna aliyemnyang'anya uchezaji wake.

Ila nisiwe upande wa makochi tu. Baadaye nilipata kochi mwingine ambaye kila mchezo alitaka nisome watu watano na kila nikirusha anapiga kelele kabla mpira haujatua, nikawa naogopa hata mazoezini. Hapo ndo kijana anakuwa roboti kweli. Sikumgomea. Nilimfuata ofisini nikamwambia kochi nipunguzie, nipe wawili wa kusoma na ruhusa ya kukimbia kama wote wamebanwa. Alikaa kimya, kesho yake akakata kitabu cha mbinu nusu. Kama kochi wa dogo anamjaza mambo basi dogo amwendee yeye mwenyewe, asiende baba, aombe apunguziwe, na aseme ni michezo gani anaipenda. Makochi wengi wa haiskuli wanafurahi kijana akiongea hivyo.

Intasepsheni tisa katika mechi nne zinauma lakini dogo hajaisha. Peyton Manning alitupa 28 mwaka wake wa kwanza NFL, 1998, timu ikashinda mechi tatu tu kati ya 16, mwaka uliofuata ikashinda 13.

Nikuombe mambo mawili kaka. Ijumaa hii kaa jukwaani umshangilie jina lake tu, usimpe maelekezo, najua ni ngumu. Halafu Jumapili kaeni wawili na video ya zile tisa, simamisha pale miguu inapoanza kuhama, muulize hapa ni nani anakufukuza, halafu nyamaza umsubiri ajibu mwenyewe. Andikeni ngapi alikuwa anakimbia mtu na ngapi alikuwa anakimbia hewa, na ngapi miguu ilikuwa imetulia ila alimsoma sefti vibaya, maana hizo za mwisho zinaisha zenyewe akizidi kucheza. Ukishapata hesabu niandikie hapa, nitakuwa nasubiri.