Kabla hujaanza tamthilia, uliza nani aliamua iishe

Watu wanaojua kwamba mimi ni mpenzi wa tamthilia huniuliza swali moja kabla hata ya kuuliza inahusu nini: "Mwisho wake ukoje? Stelingi anakufa?" Nawaelewa. Tamthilia ndefu inakula usiku wa watu, inakula bando, inakula mazungumzo ya nyumbani kwa miezi, na hakuna anayependa kutoa yote hayo halafu aachwe hewani. Ila kwa muda wote niliokaa mbele ya runinga nimeona kwamba swali hilo halimsaidii mtu. Linalosaidia ni hili: nani aliamua iishe, na alijua mapema kiasi gani?

Tahadhari kidogo. Hapa chini nitataja waziwazi miisho ya Prison Break, Dexter, Breaking Bad, Jumong, Game of Thrones na Lost. Kama kuna unayoifuatilia sasa hivi na hutaki kuharibiwa, kaimalize kwanza.

Chukua Prison Break, iliyowakesha watu wengi wa rika langu. Ilianza mwaka 2005 kwenye kituo cha Fox cha Marekani, na swali lake hata mtoto alilielewa: Michael Scofield, mhandisi aliyejichora ramani ya gereza mwilini, atamtoaje kaka yake Fox River kabla hajakalishwa kwenye kiti cha umeme? Msimu wa kwanza ulikuwa na episodi 22, na ulipoisha wafungwa walikuwa nje, wanakimbia gizani. Swali limejibiwa. Msimu wa pili ukawa wa kuwindwa, na nao ulikuwa na haki yake, maana aliyetoroka lazima akimbie. Baada ya hapo? Michael akatupwa gereza jingine huko Panama. Kisha ukaja msimu mzima wa kutafuta kitu kinachoitwa Scylla. Mwaka 2009 akafa, kaburi lake tukaonyeshwa. Mwaka 2017 akarudi, yu hai, yuko gerezani Yemen.

Waandishi wa tamthilia ile hawakuishiwa akili. Runinga ya Marekani ilifanya kazi hivyo kwa miaka mingi: kituo kinahesabu watazamaji, matangazo ya biashara yanafuata watazamaji, na msimu mpya unafuata matangazo. Tena tamthilia ikikaribia episodi 100 inauzika vizuri kwa vituo vingine kwa ajili ya marudio, kwa hiyo kila mwenye fungu lake anataka ifike huko. Mwandishi anaandika bila kujua kama mwakani atakuwepo. Hawezi kumuua mtu wala kumwozesha, maana huenda akamhitaji tena.

Kwa tamthilia za namna hiyo ushauri wangu ni mmoja: ishia pale hadithi ilipoishia, hata kama kuna misimu mingine inakusubiri. Kwangu mimi Prison Break ni misimu miwili. La Casa de Papel iliandikwa iwe hadithi ya wizi mmoja, wa kiwanda cha kuchapa fedha Madrid, ikaonyeshwa na kituo cha Antena 3 cha Hispania mwaka 2017, ikaisha. Ni baada ya Netflix kuichukua na dunia kuipenda ndipo ukatafutwa wizi wa pili, wa Benki Kuu, uliotupeleka hadi 2021. Ukiishia wa kwanza hujakosa kitu. Na Dexter, ishia msimu wa nne, ule wa mwaka 2009, Dexter anaporudi nyumbani na kumkuta mkewe Rita amekufa bafuni na mtoto wao mdogo amekaa kwenye damu. Tangu mwanzo tulikuwa tunauliza kama mtu anayeua kwa siri anaweza kuwa na familia bila kuiangamiza. Jibu ni hilo. Misimu minne iliyofuata ilitufikisha kwenye Dexter mkata miti, na sijakutana na mtu aliyefurahi kumwona pale.

Sasa tazama inavyokuwa waandishi wanapojua. Breaking Bad ilianza mwaka 2008, na muasisi wake, Vince Gilligan, alikuwa na nia moja: kumchukua mtu mpole na kumgeuza mhalifu mbele ya macho yetu. Mwaka 2011 yeye na kituo cha AMC walikubaliana kwamba zimebaki episodi 16 tu. Kwa hiyo walipokaa kuandika msimu wa mwisho walijua wana nafasi kiasi gani, na inaonekana.

Walter White ni mwalimu wa kemia Albuquerque, ana saratani ya mapafu, anaanza kupika dawa za kulevya. Kila anapobanwa anasema ni kwa ajili ya familia. Wafu wanaongezeka, bado anasema familia. Katika episodi ya mwisho mkewe, Skyler, yuko jikoni kwenye nyumba ndogo aliyohamia, anaongea na dada yake kwa simu. Anakata simu. Kamera inasogea taratibu, na nyuma ya nguzo iliyokuwa imekingama anatokea mtu: Walter alikuwa amesimama pale muda wote. Anaanza kujieleza, na Skyler anamkatiza, kwa sababu anajua kinachofuata na amechoka kukisikia. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza Walter anakubali kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwamba aliipenda kazi ile, aliiweza, na ilimfanya ajione anaishi. Hakuna kukumbatiana. Anaruhusiwa kumwona binti yake mchanga aliyelala, basi.

Kwangu mimi mwisho wa Breaking Bad ni pale jikoni. Bunduki inayofyatuka kutoka kwenye gari baadaye ni ya kumaliza hesabu na maadui. Tangu nilipoitazama, nikitaka kupima mwisho wa tamthilia yoyote, siulizi tena nani amekufa na nani ameoa. Nauliza kama jambo ambalo mhusika alikuwa analikwepa tangu episodi ya kwanza limemfikia.

Kipimo hicho ndicho kinachonifanya niitetee Jumong kila inapojadiliwa. Hii ni tamthilia ya Korea Kusini ya 2006 na 2007, episodi 81, na kwetu ilizunguka kwa CD za kuazimana mtaani, mwenye za mwisho akiwa mtu wa kubembelezwa. Wengi walikasirika kwamba Jumong na mpenzi wake Soseono hawakuzeeka pamoja. Lakini kumbuka Jumong anaanza vipi: mwana wa mfalme asiyejiweza, mwoga, anayejali starehe kuliko upanga. Anaishia kuwa mwasisi wa Goguryeo. Na Soseono ndiye aliyeweka mali, watu na ukoo wake kwenye ufalme huo. Yeye na Jumong walioana wakidhani mke wa kwanza wa Jumong, Yesoya, amekufa, halafu wanamwona anarudi pamoja na mwanawe Yuri. Kubaki kungewagombanisha watoto na kuugawa ufalme walioujenga wawili. Soseono anaamua kuondoka na wanawe, Biryu na Onjo, kwenda kusini kuanza nchi nyingine. Hata historia ya Korea inamtaja Onjo kuwa mwanzilishi wa Baekje. Ni mwisho mchungu, na ni wa haki kabisa, kwa sababu yule mama toka alipoonekana mara ya kwanza alikuwa mtu wa kuongoza watu. Kumfanya mke wa kukaa pembeni ya kiti cha enzi kungekuwa ndiko kumsaliti.

Game of Thrones, hadithi ya koo zinazogombea kiti cha enzi, ina somo lake, kwa kuwa pale hawakulazimishwa na mtu. Kituo cha HBO kilikuwa tayari kuongeza; watengenezaji wenyewe, David Benioff na D. B. Weiss, ndio waliotaka kufunga. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na episodi 10 kila mmoja. Wa saba ukawa na 7, wa nane 6, na ikaisha Mei 2019 kwa hasira kubwa. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini mtandaoni kutaka msimu wa mwisho uandikwe upya. Mimi sina ugomvi na kilichotokea. Daenerys, malkia mwenye mazimwi, kuuchoma mji mkuu wakati kengele za kusalimu amri zinalia, dalili zake zilikuwepo tangu alipowasulubu mabwana wa Meereen. Kilichokosekana ni muda. Mwanzoni safari ya kutoka Winterfell hadi mji mkuu ilikuwa ya wiki nyingi, watu wakigombana na kubadilika njiani. Katika msimu wa saba Gendry anakimbia hadi ukutani, kunguru anaruka na barua hadi kisiwa cha Dragonstone, Daenerys anapaa na mazimwi yake hadi kaskazini, na anawakuta watu bado wamezingirwa kwenye ziwa la barafu. Wakati ule watazamaji wengi walisema tu kwamba ndege wana mbio. Tatizo lilikuwa kubwa zaidi: kama umbali hauna maana, basi na mabadiliko ya moyo wa mtu hayatapewa muda. Ukitaka kuitazama sasa, itazame. Ila misimu miwili ya mwisho usiimeze wikendi moja. Tazama episodi moja kwa wiki, na akili yako itajaza siku ambazo waandishi waliziruka.

Kuna miisho inayoharibiwa na sisi watazamaji. Mpaka leo nakutana na watu wanaoapa kwamba katika Lost abiria wote walikufa ndege ilipoanguka, na kila kilichotokea kisiwani kilikuwa ndoto ya wafu. Sivyo. Katika episodi ya mwisho, Mei 2010, baba yake Jack, mhusika mkuu, anamwambia ndani ya kanisa kwamba yote yaliyompata ni ya kweli, na kwamba watu wale walikufa kila mmoja kwa wakati wake, wengine baada yake miaka mingi. Mahali wanapokutana ndipo penye wafu. Kisiwa kilikuwa kisiwa. Inasemwa kwa maneno, haijafichwa. Kwa hiyo nakusihi, episodi ya mwisho ipe jioni yake. Usiiunganishe na tano zilizotangulia saa tisa ya usiku, na simu iweke chumba kingine.

Kuhusu kuogopa kusimuliwa mwisho, nadhani tunaogopa kupita kiasi. Tamthilia ya Kituruki ya Sultan, ambayo Azam TV iliionyesha kwa sauti za Kiswahili, inahusu watu ambao mwisho wao umo vitabuni: waziri mkuu Ibrahim Pasha aliuawa 1536, Mustafa, mwana wa sultani, 1553, na Sultani Suleiman mwenyewe akafa 1566 akiwa vitani Hungary. Waliojua hayo walikaa kutazama vilevile, tena kwa uchungu zaidi kila Ibrahim alipojisifu mezani. Kwa za Kituruki cha kuangalia ni kingine. Huko kwao episodi moja inaweza kupita saa mbili na idadi ya watazamaji ndiyo inayoamua kama tamthilia itaendelea, kwa hiyo iliyokosa watu hufungwa haraka, harusi na vifo vyote ndani ya episodi mbili tatu. Kabla hujaanza, tafuta kama ilimaliza safari yake au ilikatwa.

Anayetaka pa kuanzia bila wasiwasi, za Korea nyingi ni za msimu mmoja, mara nyingi episodi 12 hadi 16, na kwa kawaida mwandishi anajua mapema ana nafasi kiasi gani. Crash Landing on You ni ya namna hiyo. Mwenye subira aanze na Breaking Bad, episodi 62 kwa jumla. Msimu wa kwanza una 7 tu kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa Marekani, na huenda ukauona wa polepole. Uvumilie, na uwe makini kila Walter anapotaja familia yake.