Fundi Anajibu: eteni (bati ya kuyeyusha ya kuunganishia) inakuwa vitonge tu, haishike

SWALI: Fundi mukubwa, jambo. Niko Birere hapa Goma, natengeneza simu kwa kibanda. Nina fere ya kusude (chuma cha moto cha kuyeyushia eteni) ya wati 60, ile ya kuchomeka tu kwa kuran (umeme), haina fasi ya kupanga moto. Nikibadilisha mdomo wa kuchaji, eteni inakuwa vitonge tu, nikilazimisha shaba ya plake (ubao wa ndani ya simu) inabanduka na simu ya mtu imekufa. Nina dola 40, rafiki anasema nichange hadi nipate mashine ya upepo moto. Ni kweli?

JIBU: Jambo mdogo wangu. Hapana, upepo acha kwanza, ukipuliza moto kwenye mdomo wa kuchaji na mkono haujazoea, plastiki ya ndani itayeyuka mbele hata eteni haijasikia kitu. Shida yako iko kwa ncha. Fere isiyopangwa, ukiiacha imechomekwa asubuhi yote moto unapanda mpaka ncha inakuwa nyeusi, na ncha nyeusi haipitishe moto, njo sababu unasukuma kwa nguvu na shaba inabanduka. Tafuta fere ya kupanga digrii, zile za T12 ni nzuri juu kichomeo kiko ndani ya ncha yenyewe, na chukua ncha pana kama patasi ndogo, siyo ile ya sindano watu wanapenda sababu simu ni ndogo. Sindano haibebi moto wa kutosha, na ile miguu minene ya mdomo wa kuchaji imeshikana na shaba kubwa ya plake, inakunywa moto yote.

Halafu eteni ya kiwandani kwenye simu za sasa mingi haina risasi (ile madini, plomb), inayeyuka karibu digrii 217, yako ya 63/37 (bati 63, risasi 37) inayeyuka 183. Kwa hiyo kabla ya kutoa kitu paka fluksi (dawa ya kusafisha shaba ili eteni ishike), ongeza eteni yako juu ya ile ya zamani vichanganyike, utaona itaachia kwa moto mdogo (bati yenyewe inachimbwa Bisie kule Walikale halafu sisi tunanunua roli ya kutoka China, basi tu). Kushika sasa: panga kama 330, ncha ing'ae na eteni kidogo, iguse mguu na shaba pamoja, kisha leta waya wa eteni upande wa pili, usiuyeyushie kwa ncha. Ikipanda mguu yenyewe na kulala, toa. Ikibaki kitonge, ongeza fluksi, siyo moto. Na fluksi ya asidi ya mafundi wa mabati usiilete kwa simu, itakula shaba polepole.

Ncha usiikwangue kwa tupa (lime) hata siku moja, ile ngozi ya chuma juu ya shaba ikitoka umeiua.

SWALI: Yaya wa Kadutu, Bukavu, anauliza kama moshi wa kusude una risasi, juu kijana wake anakohoa.

JIBU: Mama, ule moshi ni wa fluksi, kwa moto wa fere risasi haigeuki moshi. Lakini unachoma kifua kweli, afungue dirisha na asiinamie kazi. Risasi yenyewe inapitia mikono, anawe na sabuni kabla ya kushika ugali.