Swali la lugha: "Itikadi ya Ujamaa" au "siasa ya Ujamaa"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu jinsi Ujamaa ulivyobadili maisha ya vijijini Tanzania. Kila mahali nimeandika "itikadi ya Ujamaa". Msimamizi wangu amekata, akaandika "siasa ya Ujamaa". Rafiki yangu wa Nairobi anasema yeye angeandika "falsafa". Nani yuko sahihi? Pia, naweza kusema "athari za kijamaa" nikimaanisha athari kwa jamii? Ninalinganisha maitikadi matatu, kwa hiyo istilahi zinanisumbua. (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la "kijamaa", kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia kazi upesi. Usiseme hivyo. "Kijamii" inatokana na jamii, kama katika mitandao ya kijamii au huduma za kijamii. "Kijamaa" ni ya Ujamaa: uchumi wa kijamaa, nchi ya kijamaa. Kwingine msomaji angekusamehe, lakini kwa mada yako hawezi hata kujua kwamba umeteleza. Ukiandika "mabadiliko ya kijamaa kijijini", ataelewa kwamba kijiji kiliingia katika Ujamaa, kumbe wewe ulitaka kusema koo zilitawanyika, mashamba yakawa mbali na nyumba, na watoto wakawa karibu na shule.

Kuhusu "siasa", msimamizi wako hakukosea. Anatumia Kiswahili cha wakati unaouchunguza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitolewa kama tamko la siasa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, juu ya Ujamaa na Kujitegemea, na "siasa" hapo haina maana ya kugombea vyeo wala ya majukwaa ya kampeni. Ina maana ya mwelekeo ambao chama kimeuchagua na kukusudia kuufuata. Leo wengi wetu tungesema "sera". Ndiyo maana mwaka 1972 TANU iliweza kutoa kule Iringa tamko la "Siasa ni Kilimo". Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, kwenye maana ya kuongoza na kusimamia mambo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalipa pia maana ya upole na uangalifu: kumwendea mtu kwa siasa ni kumwendea taratibu, bila papara.

Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, "siasa" masikioni mwa vijana imebanwa katika mashindano ya vyama, na "sera" imechukua sehemu kubwa ya kazi yake ya zamani. Kwa hiyo unaponukuu hati za TANU, acha "siasa" ilivyo, na uieleze mara moja katika utangulizi. Unapoongea kwa sauti yako mwenyewe kama mchambuzi, "itikadi" ndilo neno lako.

Na hilo neno nalo ni Kiarabu, shina lake likiwa na maana ya kufunga fundo: itikadi ni jambo ambalo moyo umelifunga. Kwa muda mrefu lilihusu dini zaidi, na bado tunalisikia hivyo. Lakini kwa Ujamaa linafaa sana, kwa sababu Azimio lenyewe linasema kwamba Ujamaa ni imani. Waandishi wake walijua kwamba benki na viwanda vinaweza kutaifishwa kwa tangazo, ila kuishi kijamaa kunahitaji watu wanaouamini.

Hapa ndipo ningekuomba uwe mkali kwa kalamu yako. Umeniambia unachunguza jinsi Ujamaa ulivyobadili maisha. Basi usiiache "itikadi" ibebe kila kitu. Itikadi ilisema watu waishi na kufanya kazi pamoja bila kunyonyana, na maandishi ya mwaka 1967 yalisisitiza hiari. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Hiyo ni sera, tena sera iliyogeuka. Waliofika na malori na kuwaamuru watu wahame ni watekelezaji, na hao walikuwa na vyeo na ofisi. Sentensi kama "itikadi ya Ujamaa iliwahamisha wananchi" inawafuta wote hao. Sheria ya mwaka 1975 yenyewe ilitenganisha "vijiji" na "vijiji vya Ujamaa", yaani ilikiri kwamba kukusanya watu mahali pamoja bado si Ujamaa. Ikiwa sheria iliona tofauti hiyo, tasnifu haiwezi kuipita.

Rafiki yako wa Nairobi ana sababu yake. Kenya ilizoea "falsafa ya Nyayo" enzi za Rais Moi, na amani, upendo na umoja vikafundishwa kwa jina hilo. Wewe litumie "falsafa" pale unapojadili hoja za Nyerere kuhusu utu na usawa, si kwa kila jambo.

Umesema unalinganisha itikadi tatu. Kama mojawapo ni mfumo wa Urusi au Ulaya Mashariki, andika "usoshalisti", na "Ujamaa" kwa herufi kubwa uuhifadhi kwa ule wa Tanzania. Najua vitabu vingi vinaandika "ujamaa" kwa yote mawili. Mimi naona katika kazi ya kulinganisha hilo linamchanganya msomaji bila faida, maana Nyerere aliujenga Ujamaa juu ya jamaa na ukoo, si juu ya vita vya matabaka.

Jihadhari pia na maneno ambayo itikadi yenyewe iliyageuza kuwa silaha. "Bepari" asili yake ni mfanyabiashara tu, neno lililotujia kutoka lugha za Kihindi. Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 akaiita Mabepari wa Venisi, na kwa wasomaji wa miaka ile neno hilo lilikuwa limekwisha kubeba lawama. "Beberu" ni mbuzi dume. "Kupe" ni mdudu mnyonya damu. Ukitaka kuonyesha jinsi watu walivyosemana, yatie katika alama za mtajo. Ukiyaandika bila alama hizo, umeshatoa hukumu kabla ya ushahidi.

La mwisho ni ngeli. Umeandika "maitikadi matatu". Itikadi iko katika ngeli ya I-/ZI-: itikadi hii, itikadi hizi, itikadi tatu. Sifa yake ni "-a kiitikadi", kama katika "tofauti za kiitikadi".