Spavaiza ananiuliza "hii ulisoma wapi?"

SWALI: Shikamoo Anti. Niko mwaka wa tatu hapa Dar, naandika risachi ya kumalizia chuo, mada yangu ni elimu. Chapta ya pili imerudi imejaa peni nyekundu, kila nilipoweka (Nyerere, 1967) spavaiza kaandika "hii ulisoma wapi?" Ukweli niliikuta kwenye makala ya mtu ya 2014, nikabeba sentensi na mabano yake. Sasa kosa liko wapi kama maneno ni ya Nyerere kweli? Na orodha ya marejeo kaizungushia yote, nimekutumia picha uone. – Wa Changanyikeni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa ni kwamba umejifanya umesoma kitu ambacho hujakitia hata machoni. Huyo wa 2014 huenda kaikata sentensi katikati, huenda kakosea mwaka, na wewe umelibeba kosa lake vilevile, af likigundulika anayeumbuka ni wewe, yeye wala hayupo kwenye karatasi yako. Kama chuo chenu kinafuata APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, unaandika (Nyerere, 1967, kama alivyonukuliwa na Fulani, 2014), na kwenye orodha unamweka Fulani peke yake, Nyerere haingii maana hukumsoma yeye. Ila mimi ningekuwa wewe ningeenda laibrari, lile andiko lake Nyerere la Elimu ya Kujitegemea sio refu kihivyo, asubuhi moja umemaliza, unaandika na namba ya ukurasa palepale usije ukaanza kuitafuta usiku wa kusabmiti.

Haya, hiyo orodha. Umeandika "Julius, K. N." jamani! Najua tumezoea toka shule ya msingi kuanza na jina lako halafu la baba, lakini hapa linaanza la ukoo: Nyerere, J. K. Af zinapangwa kwa alfabeti, sio kwa jinsi ulivyokutana nazo. Na kile kikaratasi mnachotolea kopi steshenari mkirithishana miaka nenda rudi ni cha toleo la 6 la APA, ndo maana bado kinakudai mji wa mchapishaji. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2019 na mji waliutoa, na kwenye mabano ndani ya chapta, waandishi wakiwa watatu au zaidi unaandika jina la wa kwanza tu na maneno "na wenzake" tangu mara ya kwanza, hakuna kuwapanga wote. Chuo kikiwa na mwongozo wake lakini, fuata huo, usibishane na spavaiza kwa sababu ya Anti.

Marejeo uliyopewa na chatiboti yatafute moja moja kabla hujaprinti, ile kitu inatunga makala na waandishi wake bila aibu.

Na ile sentensi ya ukurasa wa tisa uliyotoa "vijana" ukaweka "barubaru", nimeiona, bado ni ya mwenyewe, mtaje.