Raspberry Pi inajizima? Pima umeme kabla ya kununua kadi nyingine

Ndugu uliyeuliza: Raspberry Pi 3 yako, hiyo kompyuta ndogo ya bodi moja, inajizima na kujiwasha, taa nyekundu inapotea kila modemu ikianza kuvuta, na kadi ya memori umeshabadilisha. Kadi haina kosa. Huo ni umeme.

Kazi hii naifanya Lamu, zaidi nyumba za wageni za Shela, ambako vibodi hivi huangalia tangi za maji na betri za sola. Anayesumbua zaidi ni waya wa chaja. Chaja inatoa volti 5.1, waya mrefu mwembamba unazila njiani. Taa nyekundu ya Pi 3 huzimika volti zikishuka chini ya 4.63 hivi, kwa hiyo yako inasema kweli. Usipime kwenye chaja. Weka mita kwenye pini ya 2 (volti 5) na ya 6 (ardhi) za bodi yenyewe, modemu ikiwa kazini. Kisha, kwenye terminali ya Pi, andika amri vcgencmd get_throttled. Ukipata 0x0, salama. 0x50005, umeme uko chini sasa hivi. 0x50000, ulishuka ukarudi.

Waya mfupi mnene na chaja ya ampea 2.5 humaliza kesi nyingi. Sisi wa pwani tuna na chumvi: ukiona ukijani kwenye tundu la chaja, sugua kwa mswaki na spiriti, uache ukauke kabisa.

Bado? Karibu na tundu hilo kuna fyuzi ndogo inayojirudi yenyewe. Ncha moja ikisoma 5.1 na nyingine 4.6, imechoka, na kupoa kwake huweza kuchukua siku kadhaa. Wapo mafundi wanaoiruka kwa kulisha umeme pini ya 2. Bodi itawaka, ila siku ya shoti hakuna kinga. Mimi siipendi njia hiyo.

Pi iliyokufa kwa kuguswa na volti 12 za sola ni habari nyingine. Chomoa umeme, pima ukinzani kati ya pini ya 2 na ya 6. Ukikaribia sifuri, shuku kwanza diodi ya ulinzi. Kazi yake ni kufa yeye bodi ipone. Ing'oe, upime tena, na shoti ikiondoka tia mpya. Lakini volti 5 zikiwepo na pini ya 1 haina 3.3, mimi humwambia mwenyewe anunue bodi nyingine.

Tuletee kipimo cha pini ya 2 modemu ikivuta, na urefu wa waya wako.